Nyuzi Ishirini na Mbili za Thibodeau

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani hoki ya barafuni ya zamani hukumbukwa kwa mabao. Si kweli. Hukumbukwa kwa meno yaliyong'oka na nyuzi walizoshonwa makipa. Enzi zile kipa alisimama golini uso mtupu, bila barakoa, na kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa fimbo kikimjia kama jiwe la manati. Nimefundisha historia miaka thelathini na nne. Najua ninachosema.

Jumamosi uwanja wetu wa barafu unawakumbuka Bisoni wa Dunmore, timu yetu ya kulipwa iliyovunjwa mwaka 1964. Shabiki wa siku nyingi kuliko wote atafungua mechi ya kumbukumbu kwa kudondosha kisahani cha kwanza kati ya manahodha wawili. Yaani mimi, Alvin Haugerud. Lakini Verna Friesen, mwenyekiti wa kamati na mpishi wa kantini ya uwanja, anasema kuna jina la pili. Metro Wasylyk! Fundi wa matrekta! Kila mmoja alete ushahidi Ijumaa.

Jumanne, 4 Februari

Nimempelekea Verna pai ya beri. Amekula vipande viwili, akaisifu, akauliza ushahidi uko wapi. Metro alikuwa hapo hapo kaunta, mdomo umejaa viazi na mchuzi. Nikawasimulia mechi ya mwisho: Thibodeau, kipa wetu, alivyopigwa na kisahani juu ya jicho, akashonwa nyuzi ishirini na mbili bila ganzi, akarudi golini baada ya dakika kumi. Mimi kijana wa miaka kumi na sita, nyuma ya goli lake.

Metro akasema mwaka jana zilikuwa kumi na nane. “Mwalimu, huyo mtu bado anashonwa?” Kantini nzima ikacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba utafiti huendelea.

Kisha akatoa kipande cha tiketi ya siku ile, na tarehe yake. Pigo dogo. Mimi nilirudi nyumbani bila tiketi, tena na kiatu pungufu. Hili linahitaji maelezo. Kwa ajili ya theluji tulivaa viatu vya mpira juu ya vile vya ngozi, na mama zetu waliandika majina ndani kwa wino visichanganyike mlangoni mwa kanisa. Mchezo ukikuudhi, ulivua kimoja ukakirusha barafuni. Ndiyo ilikuwa desturi. Mama hakuielewa.

Jumatano, 5 Februari

Ushindi! Thibodeau yu hai. Miaka themanini na tatu, anakaa Moose Jaw kwa binti yake. Metro ana karatasi. Mimi nitaleta kipa mwenyewe. Nimempigia simu. Nilipotaja jina langu akaniomba nilitaje herufi moja moja. Kisha akasema atakuja bila kukosa, maana ametamani kuniona kwa miaka mingi. Sifa zangu zimefika Moose Jaw!

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi ya kudondosha kisahani jikoni. Mara arobaini. Kigae kimoja kimepasuka. Dada yangu Irma, ninayekaa naye, ameuliza kama hiyo nayo ni historia.

Ijumaa, 7 Februari

Thibodeau amefika na binti yake na mfuko wa karatasi. Kantini imejaa. Nikamwomba awaambie watu ni nini kilichompiga siku ile. “Kwa furaha kabisa,” akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiatu cha mpira. Cheusi, cha mguu wa kushoto. Ndani, kwa mwandiko wa mama yangu: A. HAUGERUD.

Kisahani hakikumgusa. Nyuzi zilikuwa nne. Ganzi alipewa. Tena alipogeuka kuona nani kampiga, kisahani kikapita. Tukafungwa moja bila, na timu ikavunjwa.

“Mwalimu!” Metro alilia kwa kicheko. “Kumbe timu uliizika wewe!”

Thibodeau hana kinyongo. Anasema kiatu kile kilimtia akili: aliacha hoki, akauza bima, akabaki na meno yake. Verna akaamua papo hapo kwamba kisahani atadondosha mgeni. Metro alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mnafiki.

Jumamosi, 8 Februari

Thibodeau amekidondosha. Si vibaya, ingawa mkono ulikuwa juu mno. Watu mia sita walisimama. Mimi nilipewa kazi ya kumshika asiteleze, kwa hiyo nami nilikuwa katikati ya uwanja. Metro akapaza sauti kutoka jukwaani kuuliza kama viatu vyote viwili ninavyo. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikawapungia mkono. Wananipenda.

Jumapili, 9 Februari

Nimetafakari kwa utulivu. Kuleta shahidi halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuleta mmoja tu, tena aliyewahi kupigwa kichwani. Mtu wa namna hiyo hategemewi. Historia hudai shahidi wa pili, na yupo: Delmar Pruitt, mshambuliaji wa wapinzani aliyefunga lile bao, anaishi Medicine Hat. Tuliwahi kukutana. Baada ya mechi ile ile, nje ya uwanja, nikiwa nimesimama juu ya boneti la gari lake. Nilichokuwa nafanya pale kimenitoka. Yeye, wanasema, hajasahau kitu.

Alvin, leo: mpigie simu.