Udongo Wenye Homa

Kipimo alikuwa na digrii ya mdomo, tena ya daraja la kwanza. Vyeo alijipa mwenyewe: mwaka jana alikuwa mkaguzi wa mita, mwaka huu daktari wa udongo.

Asubuhi hiyo, nyuma ya soko, aliona ua wa mama mmoja mjane. Maharage yamestawi hadi yanaparamia ukuta, na udongo mweusi tii. Mate yakamjaa. Muuza maua wa barabara kuu alikuwa akilia kila siku kwamba hapati udongo mzuri wa vyungu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kipimo akachomeka ardhini kifaa cha kupimia betri alichookota kwa fundi redio, akabonyeza kitufe kwa siri. Mshale ukaruka. Akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Pole, mama. Udongo una homa. Haya maharage yamefyonza rutuba yote."

"Jamani! Nami nilisikia maharage ndiyo yanayoongeza rutuba. Eti vile vinundu vya mizizini."

"Vinundu hivyo ndiyo majipu yenyewe! Udongo huu uondolewe. Wengine wangekutoza, lakini mimi, kwa vile unafanana na marehemu mama yangu, nitauzoa bure."

(Marehemu alikuwa hai, mzima wa afya, na siku hiyo alikuwa akimsaka mwanawe kwa fimbo.)

"Mungu akuzidishie," mama akasema. "Basi anzia kona ile ya ukutani, homa ilianzia hapo. Ukimaliza, ndipo uje kwenye maharage."

Kona ilikuwa imefyekwa, nyeusi vilevile. Kipimo akajaza magunia ishirini ya udongo wa juu, akataka kutua jembe. Mama akaja na kata ya maji.

"Mwanangu, ukiacha mzizi, ugonjwa si utarudi?"

Akachimba siku mbili, mikono ikiota malengelenge, hadi wapita njia wakawa hawaioni hata kofia yake. Alijipa moyo kwa kuuwaza udongo wa chini ya maharage.

Siku ya tatu akapeleka magunia kwa mkokoteni. Muuza maua akamwaga moja, akaokota vitu vyeusi kama punje.

"Unajua hivi ni nini?"

"Mbolea ya kisasa, dada. Ya chembechembe."

"Ni ndago! Gugu hili litayameza mawaridi yangu kabla mwezi haujaandama. Umeutoa wapi udongo huu?"

Alipoambiwa, alicheka hadi akakalia ndoo. "Yule? Yule kawa bibi shamba miaka thelathini! Ndiye aliyenifundisha kuotesha mbegu. Ndago ya kona ile imemtoa jasho miaka mingi."

Kipimo akarudi mbio. Akamkuta mwashi shimoni, akipanga matofali ya choo kipya, na mama kandoni akichambua maharage.

"Mama, umenitumikisha!"

"Mimi? Si ulikuja mwenyewe na mshale wako?" Akamsogezea kigoda. "Ila kuchimba unajua, mwanangu. Kuta zimenyooka kweli."

Kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. "Shoga, ndiye huyo? Mwambie na mimi nataka choo. Futi kumi."

Kipimo akatazama viganja vyake, akatazama tumbo lake, lililokuwa tupu tangu juzi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akataja bei ya halali.

Jirani akaikata nusu, akamwonyesha pa kuanzia.