Bibi wa Jiwe Hana Malalamiko

Serikali ya Visiwa vya Saint-Aurel ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba mambo ya kale, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yamezagaa ovyo mahali pale pale yalipopatikana, sasa yatakusanywa yote mji mkuu, kwenye ukumbi wa chini wa Wizara ya Utamaduni, Ukale na Maegesho, ili wakazi wa visiwa vidogo wapate fursa sawa ya kuyakosa.

Ili pasiwe na mkanganyiko, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ignatius Delsol, alitoa tafsiri rasmi. Kitu cha kale ni chochote kilichomo ndani ya makumbusho, kisichoitikia salamu, na ambacho wananchi hawakumbuki tena kazi yake. Sharti la salamu liliongezwa baadaye, baada ya mlinzi wa makumbusho ya mji mkuu kupakiwa sandukuni akiwa amelala, akaja kuzindukia bandarini. Kitu kikitimiza masharti, kinabandikwa kibandiko, kinazungushiwa kamba, na hakiguswi na mtu yeyote bila kibali cha Waziri, kinachotolewa Waziri akiwa ofisini kwake.

Theodule Charlery, Afisa Msaidizi wa Ukale wa Muda, aliisoma tafsiri hiyo akaona haina hata nukta ya kuongeza. Alikuwa kijana anayeamini maandishi. Akapanda boti ya asubuhi kwenda kisiwa kidogo cha Ti Rocher na kamba, vibandiko, na sanduku lililotandikwa majani makavu. Sanduku lilikuwa la kitu kimoja tu: jiwe la pembe tatu lenye uso wa mtu, lililoibuka ardhini wanakijiji walipokuwa wakisawazisha uwanja wa kriketi. Watu wa kwanza wa kisiwa, wale waliopanda muhogo kabla meli yoyote haijatokeza, ndio waliolichonga. Ti Rocher nzima hulijua kwa jina la Bibi.

Makumbusho ya Ti Rocher yalikuwa chumba kimoja, stoo ya zamani ya ndimu, na ukivuta pumzi vizuri harufu ya ndimu bado ilikuwapo. Theodule akaingia, akaweka sanduku chini, akafungua mkoba.

Waliokuwamo wakamgeukia. Miss Ismay, mtunza makumbusho, aliacha kitambaa cha vumbi kikining'inia mkononi. Mzee Alcide, fundi wa mashua, aliangalia dari. Ma Titine, muuza mikate ya muhogo, alimkagua kijana kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu mtoto kalelewa na nani?" aliuliza.

"Mimi ni Afisa Msaidizi wa..."

"Sijauliza cheo. Umeingia chumba cha watu kama upepo. Toka nje, uingie tena."

Theodule alikuwa na cheo, ndiyo, lakini nyanya yake aliyemlea alikuwa wa kisiwa cha jirani, na miguu yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Ikatoka. Ikarudi.

"Habari za asubuhi, wote."

"Njema! Karibu, mwanangu!" wakajibu kwa pamoja, na Ma Titine akamwekea kipande cha mkate cha moto kiganjani, kana kwamba yule aliyeingia mwanzo alikuwa mtu mwingine.

Akaeleza kazi iliyomleta. Miss Ismay alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo akiitikia salamu, anabaki?"

"Kwa mujibu wa tafsiri, ndiyo."

"Basi msalimu."

Theodule akasimama mbele ya jiwe, akanyoosha tai. "Habari za asubuhi, Bibi."

Nje kuku alipita akijisemea mambo yake.

"Hajaitikia," Theodule alisema.

"Hujangoja," Mzee Alcide alisema. "Mtu kakaa ardhini karne na karne, unataka aropoke kama karani?"

Theodule akangoja.

"Haya, ameguna," Ma Titine alisema.

"Mimi sikusikia."

"Utasikiaje na kofia kichwani?"

Akavua kofia. Bado hakusikia kitu, lakini safari hii hakuwa na uhakika, na jambo hilo lilimsumbua kitaalamu. Akahamia sharti la tatu. "Na kazi yake? Kuna anayeikumbuka?"

"Anaangalia muhogo," alisema Miss Ismay.

"Na mvua," aliongeza Alcide.

"Na wasiosalimu," alimalizia Ma Titine, akilenga macho kwenye mkoba wa Theodule.

Theodule akaenda kupiga simu chini ya mshelisheli, mahali pekee penye mtandao. "Mheshimiwa, jiwe lina utata."

"Utata gani? Ni jiwe!"

"Wananchi wanasema linaitikia, Mheshimiwa. Mimi binafsi bado nalifuatilia."

Waziri alivuta pumzi ndefu. "Nakuja mwenyewe. Nitaketi kando yake, nipigwe picha, sanduku lifungwe. Gazetini itapendeza."

Theodule aliporudi alimkuta Miss Ismay peke yake, akilipangusa jiwe kwenye paji la uso kwa ncha ya kitambaa, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto jasho.

"Wakimchukua," alisema bila kugeuka, "asubuhi nikifungua mlango huu nitamsalimu nani?"

Hakuna ukurasa wowote wa tafsiri rasmi uliokuwa na jibu la swali hilo. Theodule alilitafuta moyoni mpaka boti ya Wizara ilipopiga honi.

Bahari ilikuwa imechafuka. Mpiga picha alibaki gatini ameinama, akiirudishia bahari alichokula. Waziri hakumngoja. Alipanda kilima na kuingia kama mawaziri wanavyoingia, tumbo mbele, miwani nyeusi, bila neno kwa mtu. Akakiona kiti cha mbao karibu na Bibi, akaketi, akainua kidevu, akaganda tayari kwa picha. Alikuwa stadi wa kuganda. Aliwahi kuganda bungeni kipindi kizima cha maswali.

Chumba kilikuwa kimejaa, maana habari ya ugeni ilishaenea. Wote wakatazamana.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa," alisema Miss Ismay kwa upole.

Waziri hakusogeza hata mdomo. Tabasamu lilikuwa limeshapangwa.

"Habari za asubuhi!" chumba kizima kikamsalimu, mpaka vyungu vya udongo vikatetemeka rafuni.

Alcide alijongea, akamchungulia chini ya miwani. "Huyu hata hakuguna."

Hapo Theodule alihisi ubaridi wa wajibu ukimpanda mgongoni. Kitu kimo ndani ya makumbusho. Hakiitikii salamu. Utaratibu ni utaratibu. Akawageukia wananchi.

"Kuna anayekumbuka kazi yake?"

Watu walijitahidi kwa moyo safi kabisa.

"Alikata utepe wa bomba la maji," alisema mmoja.

"Bomba lilikuja?"

"Utepe ulikuja."

"Si ndiye wa barabara?"

"Yule wa barabara alikuwa na ndevu."

"Labda ni wa maegesho," alisema Ma Titine, "lakini hapa hatuna gari."

Hakuna aliyekumbuka. Theodule akatoa kibandiko, akaandika kwa mwandiko wake bora zaidi, *Waziri. Kazi yake: haikumbukwi*, akakibandika kifuani mwa koti. Kisha akazungusha kamba.

"Charlery!" Waziri alishtuka, kuganda kote kukayeyuka. "Una wazimu?"

"Ameitikia!" mtu alipaza sauti kwa matumaini.

"Kufoka si kuitikia," alisema Alcide.

"Fungua kamba hii!"

"Siwezi kukugusa, Mheshimiwa. Inahitaji kibali cha Waziri."

"Waziri ni mimi! Lete kalamu!"

"Kibali hutolewa Waziri akiwa ofisini kwake," alisema Theodule, karibu na machozi. "Mheshimiwa, mimi mwenyewe naona ni pengo, lakini tafsiri ni yako."

Waziri akatazama kamba, akatazama kibandiko, akatazama zile sura zilizomtazama kwa huruma ya wageni wa makumbusho. Tangu achaguliwe hakuwa ametazamwa kwa muda mrefu hivyo.

Miss Ismay ndiye aliyemwonea imani. "Theodule, tafsiri inakataza kitu kuguswa. Inakikataza kutembea chenyewe?"

Theodule alifikiri sana. "Hapana. Hilo hatukulitarajia."

"Basi Mheshimiwa apite chini ya kamba, atoke, aingie upya kama watu wanavyoingia."

Waziri akainama, akapita, akatoka. Akasimama mlangoni, akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yenye aibu, kama ya mtu yeyote.

"Habari za asubuhi, wote."

"Njema! Karibu, Mheshimiwa!" Paa likavuma. Mkate wa moto ukatua kiganjani mwake.

"Wote?" aliuliza Ma Titine, akielekeza kidevu kwa Bibi.

Waziri akaligeukia jiwe. Akainama kidogo. "Habari za asubuhi, Bibi."

Na wakati huo huo mpiga picha, kijani kama ndimu, akatokea mlangoni na kufyatua picha.

Chumba kikangoja. Theodule alishika kalamu. "Kwa kumbukumbu za Wizara, Mheshimiwa: ameitikia?"

Waziri aliitazama kamera. Kama jiwe lilikuwa jiwe tu, kesho taifa zima lingemwona ameinama akiliamkia jiwe. Akameza mkate.

"Ameitikia," alisema. "Kwa sauti nzuri sana."

Miss Ismay akajifunika uso kwa kitambaa cha vumbi, na mabega yake yakawa yanacheka.

Sanduku lilirudi mji mkuu limejaa mashelisheli. Wiki hiyo gazeti lilichapa picha ukurasa wa mbele na kueleza kwamba Waziri alifanya mazungumzo ya kirafiki na mkazi mkongwe wa Ti Rocher, na kwamba bibi huyo hakuwa na malalamiko yoyote.

Kibandiko hakikurudi. Waziri alipokibandua alikibandika kwenye kile kiti, na gundi ya Wizara, tofauti na mambo yake mengine, haiachii. Kwa hiyo anayeingia makumbusho ya Ti Rocher siku hizi humsalimu Bibi kwanza, kisha, kwa tahadhari, hukisalimu na kiti.

Bibi huitikia. Kiti bado wanakingoja.