Barua ya Brashi kwa Mkwewe

Gazeti la jioni liliingia kwenye nyumba ya kuogea ya Bi Tatsuno, mjini Kobe, Japani, na habari ya kuvunja mbavu. Hoteli moja huko kaskazini iliweka kadi kwenye vyumba vya wageni kutoka China, ikiwaomba waache barua za maoni mapokezi. Wageni, watu waungwana, wakashuka asubuhi kila mmoja na bunda lake la karatasi ya chooni, wakayapanga kaunta na kuinamisha vichwa kwa heshima.

"Herufi zenyewe si 'mkono' na 'karatasi'?" alisema Meli, baharia mstaafu aliyezoea bandari za China, maji ya kuoga bado yanamchuruzika shingoni. "Hapa Kobe ukiziunga unapata barua. Kule Dalian unapata cha kujifutia."

Bi Tatsuno, anayepokea ada ya kuoga na kuuza maziwa baridi, alicheka hadi akajishika kiuno. Asiyecheka alikuwa Hatanaka peke yake, fundi wa mabango kwa miaka arobaini, ambaye pale kijiweni anaitwa Brashi.

"Vipi, Brashi, umemeza sabuni?"

Hatanaka akaweka chupa yake ya maziwa chini. Siku kumi na mbili nyuma alimwandikia barua Mzee Shen wa Dalian, baba wa kijana anayemwoa binti yake, Kozue. Aliiandika kwa mkono wake, bila kumwonyesha yeyote, kwa sababu herufi za Kijapani na za Kichina ni zilezile, na mfasiri ni wa watu waliokimbia shule. Wakwe wanatua Jumamosi. Na kutoka Dalian, kimya.

"Nilianza hivi," akasema polepole. "'Mheshimiwa, pokea barua hii.'"

Meli akafumba macho. "Umempelekea mkwe karatasi ya chooni."

"Tena iliyokwisha kutumika," akaongeza Bi Tatsuno, "maana umeiandika."

"Endelea, ndugu yangu," akasema Meli. "Labda huko mbele kuna nafuu."

"Nikasema Kozue ni imara, hajaugua tangu azaliwe."

"Hiyo 'imara' uliiandikaje?"

Hatanaka akachora herufi mbili kwa kidole juu ya kiganja chake. Meli akakitazama kile kiganja kama daktari anayetazama picha ya pafu.

"Pole sana. Kule hizo mbili ni 'mume'. Umemwambia Mzee Shen kwamba Kozue ana mume."

"Ana mume?"

"Anaye. Na shukuru Mungu, hajaugua tangu azaliwe."

"Halafu nikamalizia kwamba... anajifunza Kichina." Akachora tena herufi mbili kiganjani.

Meli akasogea, akatazama, akarudi nyuma. "Hapo wao wanasoma 'kwa kulazimishwa'."

"Ngoja niipange," alisema Bi Tatsuno. "Mzee wa watu kapokea karatasi ya chooni inayosema bibi harusi ana mume mzima wa afya, na hii ndoa ya pili analazimishwa. Brashi, wewe umeandika posa au mashtaka?"

"Usinitanie, dada. Mtoto ninaye huyu mmoja. Mama yake hayupo. Nikimharibia hili, nitaingia na uso gani nyumbani?"

Hata Meli akaacha utani.

"Labda imepotea njiani," alisema.

"Posta yetu?" Bi Tatsuno akaguna. "Wale hawajawahi kupoteza hata stempu."

Pazia la mlangoni likafunuliwa, Kozue akaingia akihema, simu mkononi.

"Baba! Mzee Shen kapiga simu, anakuulizia wewe."

Hatanaka akasimama, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. "Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini? Mzee analia kwa furaha! Barua yako kaitia fremu, kaitundika sebuleni, majirani wanapanga foleni kuiona. Anasema hajaona mwandiko mzuri kama ule."

"Na maneno yake?" Meli akauliza kwa tahadhari.

"Maneno gani? Hakuna aliyeweza kuyasoma. Kampelekea mwalimu, kashindwa. Mwalimu kamwita mtaalamu wa maandiko ya kale, naye kasema labda ni shairi. Ule mwandiko wa kuburuza brashi bila kuinyanyua, Baba, nani anausoma siku hizi?"

Meli akaachia pumzi aliyoibana muda wote. Bi Tatsuno akafungua chupa nne za maziwa, za bure, jambo ambalo halijaonekana pale tangu mwaka wa lile tetemeko kubwa la ardhi.

Hatanaka hakugusa yake. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye upara.

"Hawakuweza kusoma? Hata herufi moja?"

"Hata moja, Baba."

"Mabango yangu yamesomwa na watu waliokuwa ndani ya treni inayokimbia! Bi Tatsuno, nipe karatasi! Namwandikia upya sasa hivi, ileile, neno kwa neno, herufi zimesimama wima, hata mtoto wa chekechea azisome!"

Meli akamrukia mkono wa kulia. Bi Tatsuno akakalia droo ya kalamu.

Kozue akawatazama mmoja mmoja. "Kwani humo mliandika nini?"

"Salamu tu, mwanangu," alisema Meli, akihema, mkono wa Brashi ukiwa kwapani kwake. "Na hao wageni wa Jumamosi uwaambie mapema kwamba baba yako kateguka mkono."