Alama Mbili kwa Kila Kuinama

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na mmoja nimekuwa karani wa ofisi hii ya mawakili. Sheria nimesoma jioni, kwa jasho langu. Uwakili nimeupata mwaka jana. Mahakamani sijasimama hata dakika moja! Leo bosi kaleta miwani ya kompyuta. Ukiivaa, uko mahakamani: hakimu, mashahidi, hata feni. Mashine inakupa alama. Atakayeongoza Alhamisi atapewa kesi ya mama mmoja, fundi cherehani. Mwenye nyumba kaizuia cherehani yake. Mpinzani wangu ni mpwa wa bosi. Tunamwita Manukato. Harufu hufika, yeye hufuata.

Jumanne, 4 Machi
Manukato 81. Mimi 44. Shahidi wa kompyuta nilimkaripia, akalia. Nikamhurumia, nikatoa leso, nikamfuta machozi. Kumbe nimemfuta poda sekretari.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga hesabu. Hoja nzuri: alama tatu, dakika nne. Kumwinamia hakimu: alama mbili, sekunde moja. Wala hakuna kikomo! Wasomi hawa hesabu walisomea wapi? Nimefanya mazoezi nyumbani. Mke wangu kauliza nimedondosha nini.

Alhamisi, 6 Machi
98! Kuinama, 74. Sheria, 24. Mara moja nimeigonga printa kwa paji la uso, mashine haikuona. Manukato, mwenye 90, anasema nilikuwa kama kuku anadonoa. Mwenye wivu ajinyonge! Bosi kakuna kidevu, kaguna, kanipa jalada.

Ijumaa, 7 Machi
Mahakama ya kweli! Nimeingia, nimeinama. Nikainama tena. Mara ya tisa hakimu kauliza kama tumbo linaniuma. Nikamshukuru, nikainama. Mwenye nyumba kadai cherehani aliinunua yeye. Hapo ndipo pa kupinga, lakini nilikuwa bado chini. Fundi kanivuta koti: "We baba, sema neno! Risiti si ninayo hapa!" Nikamnong'oneza atulie, mama, tuko alama arobaini na sita, tusiharibu. Hakutulia. Kasimama mwenyewe, kamwonyesha hakimu risiti. Kapewa cherehani yake dakika hiyohiyo. Hata asante hakuniambia! Bosi kaamua: kesi zote zijazo ni za Manukato. Mimi nirudi kwenye mafaili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, kiutu uzima. Kosa nimeliona. Mashine ilinipa 98. Hakimu hakunipa hata moja. Kati ya hao wawili, nani hajafundwa? Nimemwandikia mkuu wa mahakama barua, kurasa sita pamoja na jedwali: hakimu yule avalishwe miwani wiki tatu. Kumfundisha nimejitolea mwenyewe. Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Asichelewe.