Hapa ni Kona ya Guhaad

Jumanne, 10 Oktoba

Nimenunua daftari hili kwa sababu mambo yamezidi na nyumbani hakuna anayenisikiliza. Asubuhi basi la Kismayu limesimama mbele ya hoteli yangu. Mlangoni kabisa, vumbi lote kwenye chai. Konda wake, Bashir Jino (amebakiwa na moja, la juu), akatoa kichwa nje akaita: "Wa kwa Barlin washuke!"

Kwa Barlin. Mimi niko kona hii mwaka wa kumi na nne. Nilipofika palikuwa na kisima na fisi. Barlin ni mjane aliyekuja juzi, hata miezi minane haijatimia, akajibanza ng'ambo ya barabara na kibanda cha mabati na madumu yake ya maziwa ya ngamia. Leo kona ni yake?

Nikamfuata Jino nikamuuliza nani kampa ruhusa. Akasema mjomba, ruhusa ya nini tena, watu wenyewe ndivyo wanavyosema. Watu gani? Yule mama hana hata kiti. Mimi nina viti ishirini na viwili, na kumi na tisa havina kasoro.

Kisha Ardo, mke wangu, akaniongezea chumvi kwenye kidonda. Anasema Jumamosi wanakuja vijana wa ramani. Mji umekua, malori yanapotea, wagonjwa hawafikiwi. Watapita kila kona wakiuliza watu hapa panaitwaje, na watakachojibiwa ndicho watakachoandika. Kikishaandikwa, kwisha.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Kule kambini, ng'ambo ya mpaka, niliishi miaka kumi na saba nikiitwa kwa namba. Namba ya hema, namba ya kadi. Siku niliyovuka kurudi niliapa kwamba sitakufa bila mahali penye jina langu. Sitaki mtaa mzima. Nataka kona. Nina siku nne.

Jumatano, 11 Oktoba

Bango! Kwa nini sikuliwaza miaka yote hii? Nimemwita fundi rangi alfajiri, na kufikia saa nne liko juu ya paa: KONA YA GUHAAD, herufi za kijani, kila moja urefu wa mkono wangu. Linaonekana toka kwenye uwanja wa ndege.

Basi likaja. Akashuka bibi mmoja, akasimama chini ya bango lenyewe, akaniuliza kwa Barlin ni wapi. Nikamwonyesha juu kwa kidole. Akasema yeye hasomi, na hata angesoma, mwanangu, mbao haijui kitu, wanaojua ni watu. Akavuka barabara.

Saa tisa Barlin mwenyewe akaja na kikombe cha maziwa kunipongeza. Akasema bango zuri mno, limemrahisishia kazi. Siku hizi wateja wakimpigia simu anawaambia njooni kwa Barlin, mkabala na bango la kijani.

Maziwa nimeyanywa. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bibi wa jana amenifunza kitu bila kujua. Mji huu hausomi, unasikia. Kwa hiyo nikamkalisha Jino, nikamwekea chapati za anjera na maini ya mbuzi, nikamwambia hii itakuwa kila siku kwa mwezi mzima, sharti moja tu. Akifika hapa aite "Guhaad." Jino akala, akafuta mdomo, akaapa.

Sina neno naye, ametimiza ahadi. Basi la adhuhuri limefika, nimemsikia kwa masikio yangu: "Guhaad! Guhaad!" Sauti kama ya muadhini. Nimesimama mlangoni na shati la Idi.

Hakushuka mtu.

Kumbe abiria wamedhani Guhaad ni kijiji kipya njiani. Wakatulia kwenye viti vyao wakisubiri Barlin, wakapitilizwa mpaka kwenye kizuizi cha mpakani. Watu kumi na mmoja wakarudi kwa miguu, jua la utosi, mizigo kichwani. Mama mmoja kabeba godoro la bibi harusi. Wote wakajitupa kibandani kwa Barlin kupoa. Yeye akawamiminia maziwa.

Mama wa godoro akavuka kwangu akitaka aonyeshwe huyo Guhaad ni mnyama gani. Nikamwambia Guhaad amesafiri. Hapo hapo Ardo akaita kutoka jikoni: "Guhaad, mgeni wako huyo, mbona humkaribishi?"

Jino ameacha kuita. Maini ameyala tayari.

Ijumaa, 13 Oktoba

Hotuba ya leo msikitini ilihusu haki za jirani. Imamu alikuwa akinitazama mimi. Nikageuka nyuma nione anamtazama nani hasa.

Nikiwa bado nimeketi pale mkekani, wazo likaja lenyewe. Watu hawasomi bango, na wakiitwa hawashuki. Lakini mtu aliyegongwa kichwa kwenye paa la gari hapasahau mahali alipogongewa. Tuta! Tuta la Guhaad, la kutoka ukuta hadi ukuta, katikati ya barabara. Kila gari litapunguza mwendo mlangoni pangu, litake lisitake.

Nikakodi mikokoteni miwili ya punda, udongo, mawe kidogo. Wenye punda wakamwaga wakaenda zao, koleo nikashika mwenyewe. Ardo akaleta maji ya kunywa, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza mkuu nani, yeye au mimi. Akaondoka na maji.

Saa kumi na moja tuta lilikuwa limenifika magotini. Gari la kwanza lilikuwa la miraa, na hayo hayajui breki. Lilipaa. Lilipotua, dereva alishusha kioo akanitukana kwa ukoo, jina langu, la baba, la babu, mpaka babu wa nne, na hakukosea hata mmoja. Nilikaribia kulia kwa furaha. Miaka kumi na minne, na ndiyo mara ya kwanza jina langu kuitwa kwa sauti kwenye kona hii bila kulipiwa maini.

Jioni Mzee Wehliye, mkubwa wa wazee wa mtaa, akapita na tasbihi yake. Akatazama mawingu, akatazama tuta. Akasema maji ya huko juu yote hushukia barabara hii, nisisahau kwamba sisi tunaishi Dhobley, mji ambao jina lake lenyewe maana yake ni tope. Nikamwambia mzee wangu, mvua naijua. Akanitazama na mimi, halafu akaendelea na tasbihi.

Jumamosi, 14 Oktoba

Imenyesha tangu alfajiri.

Kwanza niandike kwamba tuta limesimama. Halikumeguka hata kidogo. Kazi ya mikono yangu.

Maji yalifika kwenye tuta, yakakosa njia, yakageukia kwangu. Yakaingia kwa mlango wa mbele, yakatokea jikoni na sufuria mbili, yakazunguka, yakavuka mpaka kwa Barlin na kuondoka na madumu yake saba. Nikayaona yakielea kuelekea mpakani bila hati.

Likaja lori la ngamia. Dereva akajaribu kulikwepa tuta, tairi zikazama hadi ekseli. Ngamia wakashushwa. Jike mmoja akaona hoteli yangu ina paa, akaingia, akapiga magoti katikati ya viti, akaanza kula gunia la sukari. Nyuma ya lori, basi la Kismayu. Nyuma ya basi, mji mzima na miavuli.

Wote wakataka tuta livunjwe. Nikapanda juu yake. Nikawaambia anayetaka kulivunja aanze na mimi. Nikasimama saa mbili nzima, kanzu imenigandama, viatu vimeshakwenda na madumu. Wamebembeleza. Wametishia. Mzee Wehliye amekuja na hadithi mbili za Mtume. Barlin, maji yakiwa yamemfika kwenye magoti, akaniambia kaka yangu, shuka, utaugua. Nikamwambia ndivyo ungependa. Hakuna aliyetaka kuniangusha. Walisimama wakicheka tu, na kucheka kunauma kuliko koleo.

Ndipo wakafika watu wa ramani. Binti mmoja, Ifrah, mabuti ya mpira, simu pana kama sahani ndani ya mfuko wa nailoni. Nikampungia mikono yote miwili, nikapaza sauti kwamba hapa ni kwa Guhaad, Guhaad ndiye mimi, aandike. Akawageukia watu akawauliza. Mvua ilikuwa kubwa, jibu sikulisikia. Lakini nililiona. Walijibu wote kwa pamoja, mdomo mmoja, wakininyooshea vidole. Ifrah akanitazama, akacheka, akaandika.

Kwa furaha nikashuka. Tuta walilifukua kwa muda wa kuchemsha chai.

Jumapili, 15 Oktoba

Wazee wamekaa. Mikeka ilitandikwa kwangu, maana kwa Barlin bado ni bwawa. Mwenye ngamia alikataa fidia. Alisema mnyama wake amekula sukari ya kilo ishirini, tumetoshana.

Kwa Barlin nikahukumiwa kumtoa uchungu kama desturi ilivyo: madumu saba, kondoo mmoja, guo jipya la kujitanda, na kukiri kosa kwa mdomo wangu mbele ya watu. Kondoo ni rahisi. Nikasimama nikasema nimekosa, lakini. Mzee Wehliye akasema rudia, ishia kabla ya lakini. Nikarudia, lakini ikatoka tena yenyewe. Mara ya tatu Ardo aliniziba mdomo kwa mkono.

Barlin akapokea guo, akasema amesamehe. Akasema hajawahi kuitaka kona hii. Kila siku huwaambia watu waseme kwa Guhaad, yeye ndiye mwenyeji, ila ndimi za watu hazishikiki. Hapo niliona haya. Haya ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Mjane katafuta pa kuuzia maziwa tu, na mimi nimemletea bahari.

Haya hiyo ilidumu hadi baada ya chakula cha mchana.

Jumanne, 17 Oktoba

Ramani imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Nimekwenda mapema, ndevu nimezichana. Nikaifuata barabara kwa kidole, kisima, msikiti, kona.

Haikuandikwa kwa Barlin. Alhamdulillahi!

Haikuandikwa kwa Guhaad pia. Imeandikwa: KWA MKAIDI.

Nikamtafuta Ifrah nikamuuliza Mkaidi ni nani. Akasema mjomba, aliuliza watu wasiopungua arobaini na hakuna hata mmoja aliyepinga. Nikamuuliza Jino, akafunika jino lake kwa kiganja. Nikamuuliza Barlin. Alikaa chini, akalia kwa kicheko na kufutia macho guo nililompa. Nikamuuliza Ardo, akaniambia chukua kioo. Nimechukua kioo, nimekitazama muda mrefu sana. Nilichoona ni kwamba ndevu zinahitaji hina.

Basi nimeelewa. Kuna mtu. Nilipokuwa nimesimama kwenye mvua nikiitetea kona yangu peke yangu, bwana mmoja asiye na hata kibanda hapa, asiyemwagiwa hata tone, alipita nyuma yangu akaandikisha jina lake. Na mji mzima unamficha.

Sijashindwa. Kosa langu lilikuwa udongo. Nimeagiza mikokoteni mitano ya mawe, na saruji. Ijumaa baada ya swala najenga tuta jipya, refu kuliko lile, na huyo Mkaidi akiitaka kona hii aje aichukue mwenyewe. Atanikuta nimesimama juu ya tuta.