Kifaa cha Kumsaidia Mama Mkwe Kupumua

Jumanne, 4 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa. Kasiva amenimiminia chai bila kuangalia kikombe, macho yote kwangu. Meza imelowa. Sijawahi kuona meza nzuri kama hiyo.

Kisha akampigia simu mama yake huko Marungu. Mama ana pumu ya miaka mingi, na vumbi la msimu huu halina huruma. Alikohoa zaidi kuliko alivyozungumza. Kasiva alikata simu akalia. Nikauliza, kwani hana pampu? Anayo, ile ya kubonyeza mdomoni. Lakini hubonyeza kwanza, huvuta baadaye, kwa hiyo dawa inawatibu mbu. Nesi amemshauri atoboe kitako cha chupa ya maji, achomeke pampu hapo, avute dawa polepole kupitia mdomo wa chupa.

Chupa ya maji. Kwa mama aliyemzaa Kasiva. Nilimfuta mke wangu machozi nikamwahidi kifaa cha heshima. Mimi hutengeneza simu hapa Voi mjini. Pafu litanishinda?

Jumatano, 5 Machi

Mbunifu mzuri huanza na mtumiaji. Tatizo: mtumiaji wangu haruhusiwi kuonana nami. Mimi ni Mtaita wa Mraru, lakini wakwe zangu ni Wakamba wa kushika mila, na kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Heshima hiyo wanaiita nthoni. Siku ya mahari alipita nyuma ya nyumba amejifunika leso. Niliona kisigino. Kisigino cha kupendeza, ila hakishiki pampu.

Kasiva anasema mkono wa mama ni kama wake. Basi nikapima wake. Kipimo kilichukua mchana mzima. Wateja walirudi nyumbani na simu zao zikiwa maiti. Sayansi haitaki haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Kimekamilika! Kina mkanda wa begani na taa. Pampu yake imeisha dawa, nimenunua mpya nikaifunga ndani kwa skrubu, isipotee. Ukifungua kifuniko, sauti inakuongoza: "Shikamoo mama. Fungua mdomo, mama. Bonyeza. Vuta polepole. Shikilia. Hongera, mama."

Sauti ni yangu. Nimeifikiria ile nthoni kwa makini. Kilichokatazwa ni macho. Masikio hakuna aliyeyataja. Kasiva sijamwambia, mapenzi yanataka siri ndogo ndogo.

Muasya, kaka yake Kasiva, alikuja kukichukua. Elimu yake yote ni ya mpira wa runinga. Alikigeuzageuza, akauliza, "Shemeji, hii ni dawa ama ni spika ya kampeni?" Akauliza tena, betri ikiisha mama apumue na nini. Nikamjibu kwamba wivu bado haujatengenezewa kifaa.

Jumapili, 9 Machi

Kasiva alienda kwao baada ya ibada. Amerudi na habari, na amenisomea kama hakimu.

Mama alibanwa na kifua akipepeta mahindi. Akakimbilia kifaa, akafungua kifuniko. Nikamwamkia. Mama akatupa leso kichwani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Mtu asiyeweza kupumua, anakimbia. Akaketi nyuma ya zizi la mbuzi, mgongo kwa nyumba, akisema kwa vipande vipande kwamba harudi mpaka mkwe aondoke.

Wakamwambia ni mashine tu. Akasema mashine hiyo imemwambia afungue mdomo mbele ya watoto wake.

Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Muasya akafungua skrubu kwa kisu cha jikoni, nami huku namwambia, "Shikilia, mama. Hongera, mama." Pampu ikatoka, wakaichomeka kwenye chupa ya maji, Kasiva akamshikia. Taratibu kifua kikaachia. Pumzi ya kwanza aliitumia kuuliza kama nimeshaenda.

"Reuben," Kasiva aliniambia, "mama alikuwa anakufa kwa adabu."

Tangu hapo ananipa mgongo. Ni mgongo mzuri sana.

Jumanne, 11 Machi

Kituku, mjomba wake Kasiva, amepiga simu kutoka Marungu. Mila imevunjwa, nipeleke mbuzi. Muasya alisikika kwa nyuma akiomba mbuzi asiyeongea. Mama anaendelea vizuri na chupa yake. Hata jirani ameomba atobolewe yake. Nimesikitika. Mtu akikata tamaa huridhika na chochote.

Kasiva amenigeukia hatimaye. Dunia ina rangi tena. Ameniapisha nisitie sauti yangu katika kitu chochote kitakachomkaribia mama yake. Nimeapa kwa moyo wangu wote, na kiapo nitakitimiza.

Kwa sababu kosa nimeliona. Mama alisikia mtu asiyemwona. Nani asingekimbia? Toleo la pili halina sauti hata chembe. Nimepata kioo cha simu kubwa, safi kabisa. Mama akifungua kifuniko ataniona mimi mwenyewe, uso mzima, natabasamu, nikimwonyesha kwa vitendo namna ya kupanua mdomo.

Kitaenda pamoja na mbuzi.