Barua ya Mjane wa Rapsu

Ijumaa, tarehe 1 Agosti

Wageni wamefika. Kumi na mmoja kutoka Marekani, masanduku mengi kuliko watu. Kama kila Agosti, wamekuja kusaidia maskini kwa siku kumi. Na kama kila Agosti, wataanza kwa kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Juzi mimi na wazee wa kanisa tulishinda tukilikwangua kwa vijiko ili wapate pa kupaka. Rangi ya mwaka jana ilikuwa bado nzuri. Iliniuma kidogo.

Mkalimani ni mimi, Mbaabu. Mimi na Ewoi, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye Kiingereza chake kinapitia puani. Mama Lorna, kiongozi wa wageni, alimsalimu Ewoi kwanza. Naandika hapa nisisahau.

Jambo kubwa ni hili. Jumatano watatoka nje ya mji kusaidia kijiji kimoja. Kijiji gani? Barua ndiyo itaamua. Huo ndio utaratibu wetu: kila tawi la kanisa linaandika barua ya mahitaji, Mama Lorna anazisoma peke yake, Pasta haruhusiwi hata kuzigusa, na ile inayomtoa machozi ndiyo inayoshinda. Ewoi anaipigia debe Ngaremara. Mimi nataka Rapsu.

Karwitha yuko Rapsu.

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Miezi saba sasa. Karwitha, mke wangu, alienda Rapsu kumsaidia dada yake Kinanu kupanda vitunguu, wiki mbili tu. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya banda la kuku nililojenga, akasema amechoka kuolewa na mipango. Nikamwambia paa la banda linakuja. Kuku walikuwa wameshabebwa na mwewe, wa mwisho siku hiyo hiyo.

Nyumba imenyamaza mno. Redio naiacha kwenye stesheni yake ya nyimbo za Kimeru, ile ambayo kila siku nilikuwa namwambia azime. Sasa ikizimika stima naona kama ameondoka tena. Nimemkosa. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naweza kusema: nimemkosa sana.

Najua ningeweza kwenda tu. Gari la Kinna, la kwenda upande wa Rapsu, linaondoka kila asubuhi. Lakini mwanamume anaenda na nini? Mikono mitupu? Hapana. Anione nikishuka kwenye gari kubwa la wageni, kiti cha mbele, koti mwilini, wazungu wakingoja nifungue mdomo ndipo waelewe. Hapo atajua aliacha mtu wa aina gani.

Basi nimeketi kibandani kwangu. Kazi yangu ni kuchapia watu barua karibu na ofisi za serikali, na kwa kazi hiyo sijaona mpinzani. Nimeandika kwa niaba ya akina mama wakulima wa Rapsu. Mara ya kwanza niliandika ukweli: wanalima vitunguu, mfereji wa maji umejaa tope. Haikumliza mtu. Nikaongeza njaa. Nikaongeza ng'ombe aliyekufa. Bado kavu. Kufika saa kumi vidole vikaandika vyenyewe kwamba kiongozi wao, Karwitha, ni mjane.

Niliangalia hilo neno kwa muda. Kisha nikaongeza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, mwenye maono, aliyeondoka kabla watu hawajamwelewa. Nililia mimi mwenyewe. Nikajua tumeshinda.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Tumeshinda! Mama Lorna alivua miwani akaipangusa mara mbili. Barua ya Ewoi ilikuwa na takwimu za visima vilivyokauka. Nani amewahi kulilia takwimu?

Baada ya ibada Pasta Akolong aliniuliza huyu mjane Karwitha wa Rapsu ni Karwitha yupi. Nikasema akina Karwitha ni wengi. Aliniangalia sana. Bahati nzuri Jumatano anabaki kusimamia darasa, kwa sababu wageni wamelipaka rangi mbili tofauti na hawakubaliani.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Koti limepigwa pasi. Viatu vinang'aa. Kimebaki kiti cha mbele. Nilimwambia Ewoi kwamba tunaondoka saa tatu, ili akifika sisi tuwe mbali njiani, tumeshapita Kulamawe. Ewoi akashukuru. Halafu akaenda kumwomba mlinzi wa kanisa sehemu ya kulala uani. Anasema ananijua.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Leo yametokea mengi. Nitaandika polepole.

Kiti cha mbele alikikalia Ewoi. Mimi nilikaa nyuma juu ya mifuko ya unga. Nilifika Rapsu mweupe kuanzia nyusi hadi soksi.

Karwitha alikuwa amesimama chini ya kivuli cha stoo ya vitunguu. Amenenepa kidogo. Amepata rangi ya jua. Leso ya kijani ambayo siijui. Nilisahau Kiingereza chote.

Stoo ilikuwa imejaa vitunguu mpaka mlango haufungi. Wageni wakashusha unga na nguo kuukuu, wakatazama ule mlima wa vitunguu, wakanitazama mimi. Akina mama walikuwa wamechinja mbuzi wawili kwa ajili ya wageni. Maskini wetu walitulisha mpaka Mama Lorna akafungua mkanda. Kila mgeni akapewa vitunguu vya kubeba.

Kisha Mama Lorna akasimama. Akasema yeye na wenzake wamekuja hasa kumfariji mjane. Akamshika Karwitha mikono yote miwili. Akaniambia nitafsiri.

Karwitha alimaliza kidato cha nne. Anajua Kiingereza vizuri kuliko Ewoi. Alikuwa ameshaelewa kila neno kabla sijafungua mdomo, na alikuwa ananiangalia usoni, kwenye unga. Nilitafsiri. Nifanye nini? Nilimpa mke wangu pole kwa kifo changu.

Wageni wakaniombea nipumzike kwa amani. Nikatafsiri hilo pia. Nikasema amina.

Jirani yao Asho, ambaye amenipa chai nyumbani kwake mara nyingi, akauliza kwa sauti nani amekufa. Wakamwambia ni mume wa Karwitha. Asho akasema: lakini si huyu hapa amesimama? Mama Lorna akataka kujua mama yule anasemaje. Mimi nikakohoa. Ewoi ndiye aliyejibu: anasema marehemu hawezi kusahaulika, ni kama yupo nasi hapa. Sasa nina deni la shukrani kwa Ewoi. Afadhali ningekufa kweli.

Wakamwomba mjane aseme neno moja kuhusu mumewe. Nilijua nimekwisha. Lakini Karwitha hakunifichua. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, macho chini, kwamba mume wake alikuwa mtu wa mipango. Alianzisha mambo mengi na hakumaliza hata moja, isipokuwa chai. Kila asubuhi alimletea chai kabla hajaamka vizuri, miaka kumi na minne, hakukosa siku. Alisema bado anatoa vikombe viwili. Halafu anakumbuka, anarudisha kimoja.

Sikuweza kutafsiri. Nilijaribu. Nikamgeukia Ewoi. Ewoi alitafsiri yote, na lazima niseme alitafsiri vizuri. Wageni walilia. Mimi nililia kuliko wageni, mpaka mmoja wao akanipa kitambaa na kumwambia mwenzake kwamba mkalimani ana moyo laini.

Wakati wa kupakia gari Karwitha alinivuta kando, nyuma ya stoo. Nilidhani atanipiga. Akanipangusa unga kwenye nyusi kwa leso yake. Akasema Kinanu ameumia mgongo, hawezi kuinama. Zamu yao ya maji ni Jumamosi. Kipande chao cha mfereji kina tope, na kisipofukuliwa kabla ya saa nne asubuhi maji yatapita kwenda kwa Asho, na zamu nyingine ni baada ya wiki mbili, vitunguu vichanga vitakuwa vimekauka. Akasema sitaki wazungu, Mbaabu. Sitaki barua. Njoo Ijumaa jioni, wewe mwenyewe, na jembe. Tukimaliza, akasema, tutazungumza habari ya kurudi nyumbani.

Kurudi nyumbani! Amesema hivyo. Nimeandika kama alivyosema.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimenunua jembe. Nimelitia mpini mwenyewe. Nimepika chai nikajaribu kuibeba bila kumwaga, kwa mazoezi. Nimewaambia wateja wangu sitakuwepo mpaka Jumatatu. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu mwaka uanze.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Asubuhi, jembe begani, nilipitia kanisani kuaga. Mama Lorna akanishika mkono. Akasema hajalala vizuri akimfikiria yule mjane. Akaniuliza, mimi ninayewaelewa watu wale, ni kitu gani kingebadilisha maisha yake kabisa.

Nikasimama. Nikaliangalia jembe langu. Kajembe kamoja! Nikasema: mfereji wa saruji. Macho yake yakawaka. Akasema niandike barua kamili, yenye michoro na historia ya marehemu, kabla hawajaondoka Jumapili.

Gari la Kinna lilipiga honi. Nikalipungia mkono liende. Nani anafukua tope kwa mkono wakati saruji inakuja?

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Barua imefika ukurasa wa tisa. Nzuri kuliko ya kwanza. Marehemu sasa ana ndoto aliyoota akiwa mgonjwa, ya maji yakipita katikati ya vitunguu. Kinanu naye nimemweka humo, mgongo wake utatusaidia sana.

Saa mbili asubuhi Karwitha alinitumia ujumbe kwamba chai iko tayari, niko wapi. Nilikuwa kwenye sehemu ngumu, ile ya kifo, sikujibu. Saa tatu na nusu akasema yuko ndani ya mfereji peke yake. Saa nne na robo akaandika kwamba maji yamepita, yako kwa Asho.

Nimesoma ujumbe wake kwa huruma. Hajui kinachokuja. Nimemjibu mpenzi wangu avumilie kidogo tu, asikate tamaa, mfereji wake nimeushughulikia mimi mwenyewe. Kesho namkabidhi Mama Lorna barua, na barua zinafunguliwa Agosti mwakani.